Unapatana Bei ya Viatu Gikomba, Mbona Unanyamaza Mbele ya Almasi?

Tuanze na kitu ambacho sote tumekiona. Mtu anasimama Gikomba dakika ishirini akipigania viatu vya mitumba. Anaambiwa elfu moja, anasema mia nne, anaondoka, anaitwa, anarudi, wanamalizana kwa mia sita. Jumamosi inayofuata mtu huyo huyo anaingia duka la vito mjini. Kuna kioo, kuna kiyoyozi, kuna mlinzi mlangoni. Anaambiwa pete ya almasi ni laki moja na themanini, na anauliza swali moja tu: “Mnakubali kulipa kwa simu?”

Swali hilo tunalipenda, ndiyo kazi yetu. Lakini limekuja mapema mno.

Mteja huyo si wa kubuni. Ni mwenzetu hapa ofisini, na bahati nzuri alitutumia picha ya pete kabla ya kuweka PIN. Tukamwambia toka nje kwanza, kunywa chai, turudi pamoja.

Sisi tuliosomea masoko chuoni tuna aibu kidogo kuhusu almasi, kwa sababu watu wa fani yetu ndio waliotufikisha hapa. Ile kauli kwamba almasi ni ya milele iliandikwa mwaka 1947 kwa ajili ya matangazo ya De Beers. Hesabu ya kwamba pete lazima ile mishahara miwili ilivuma kupitia matangazo hayo hayo miaka ya 1980. Mila zetu hazina kitu kama hicho. Kwa hivyo ukiulizwa “bajeti yako ni ngapi?”, huna deni la kujibu. Ukitaja laki mbili, utashangaa jinsi kila pete nzuri dukani inavyoanza kukaribia laki mbili.

Turudi kwa pete yetu. Kibandiko kilisema “karati 18, nusu karati”. Hapo ndipo wengi wanapotea, kwa sababu karati ni mbili. Karati ya dhahabu ni usafi, na dhahabu safi kabisa ni 24. Karati 18 maana yake ni asilimia 75 dhahabu, na ndani ya pete utaona muhuri wa 750. Karati ya jiwe ni uzito: moja ni gramu 0.2. Sasa ile nusu karati, tulipouliza, ilikuwa jumla ya mawe madogo yote yaliyozunguka pete. Jiwe moja la nusu karati lina bei kubwa kuliko vijiwe kumi na kitu vyenye uzito huo huo, kwa sababu mawe makubwa ni adimu. Muuzaji hakudanganya. Hatukuwa tumeuliza, basi.

Kwa hivyo swali letu la kwanza lisiwe “bei ya mwisho ngapi?” Uliza: hii bei imegawanyika vipi? Omba pete ipimwe kwa mizani mbele yako. Ikiwa na gramu nne za karati 18, dhahabu safi ni gramu tatu. Bei ya dhahabu ya siku iko kwenye intaneti, kwa wakia moja ambayo ni gramu 31.1. Piga hesabu. Kinachobaki ni mawe, kazi ya fundi, kodi na faida, na hapo ndipo pana nafasi ya kuongea. Uliza pia kama VAT ya asilimia 16 imo ndani, isije ikaongezwa mwishoni mkishakubaliana.

Kama jiwe ni moja na kubwa, dai ripoti ya maabara. Ya GIA ina namba ambayo unaweza kuihakiki bure kwenye tovuti yao ukiwa umesimama hapo hapo dukani. Na uliza wazi: jiwe limechimbwa au limetengenezwa maabara? La maabara ni almasi kweli, na kile kimashine cha kupimia dukani hakitakuonyesha tofauti, lakini bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni. Hatuna shida nalo. Shida ni kulinunua kwa bei ya lile lililotoka ardhini.

Upande wa pili tuuseme pia. Mwenye duka ana kodi ya nyumba, mlinzi na fundi wa kulipa. Ukimkatia bei nusu kama viatu atakuona huna nia. Akikwama kwenye bei, omba vitu: kurekebisha saizi bure, kusafishwa, siku za kurudisha, yote yaandikwe kwenye risiti.

Halafu inakuja ile sentensi tunayoiogopa: “Tuma kwa hii namba ya kijana wangu, nikupunguzie elfu tano.” Usitume. Lipa kwa till ya duka, na kabla ya kuthibitisha malipo soma jina linalotokea, lifanane na la risiti. Pesa ikienda kwa namba ya mtu binafsi, siku ya mzozo una SMS ya kumtumia fulani pesa, wala haisemi ulinunua nini. Na huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa iliyotumwa kimakosa. Haikuwekwa kwa ajili ya pete uliyoijutia.

Jingine, na hili huenda bosi wetu asilipende: usichukue mkopo wa simu kununua pete. Ni mikopo ya muda mfupi, na almasi ukiiuza tena kwa kawaida hupati hata karibu ya ulicholipa. Ni afadhali jiwe dogo.

Mwenzetu alirudi Jumatatu. Waliongea karibu saa nzima, chai ikaletwa, wakafika laki moja na arobaini na mbili, VAT ndani, na risiti ya eTIMS. Alilipa elfu arobaini kwa till siku hiyo na iliyobaki siku ya kuichukua. Pete ilikuwa kubwa kidogo kwa bibi harusi mtarajiwa. Fundi aliipunguza bila malipo, kama ilivyoandikwa kwenye risiti.