Maarifa ya Nyumbani: Tairi Lishikalo na Tairi Lidumulo



Gari likishaingia nyumbani huwa ni mtoto mmoja zaidi wa kulishwa, na matairi ni miongoni mwa vyakula vyake vya ghali. Juma hili tuyatazame matairi ya magari ya mwendo wa kasi, yale mapana yenye ukuta mfupi, ambayo mara nyingi hutufikia yakiwa yamefungwa katika magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Wengi huyasifu kwa kushika barabara. Wengi hao hao huyalaumu kwa kulika upesi. Sifa hiyo na lawama hiyo zina asili moja.

Lami, ijapoonekana sawasawa, imejaa vijiwe na vishimo vidogo. Mpira laini hubonyea ukaingia katika vishimo hivyo, na huko ndiko kushika. Lakini kwa ulaini huo huo, vijiwe huuchuna kidogo kidogo. Mpira mgumu hukataa kuchunwa, na pia hukataa kuingia. Tangu miaka ya 1990 viwanda vimetumia silika katika mpira ili ushike vizuri zaidi penye maji bila kulika mno. Hata hivyo, hakuna tairi lililokusanya heri zote.

Mnunuzi atajuaje? Katika ubavu wa matairi mengi limepigwa neno TREADWEAR na namba mbele yake. Kwa kanuni ya Marekani, tairi hujaribiwa kwa mwendo wa maili 7,200, yaani yapata kilomita 11,600, katika barabara za Texas, likilinganishwa na tairi maalumu la kipimo. Lenye 400 hutazamiwa kudumu maradufu ya lenye 200. Lakini namba hiyo huandikwa na mwenye kiwanda mwenyewe. Kwa hiyo hufaa zaidi kulinganisha matairi ya kiwanda kimoja. Karibu yake kuna herufi AA, A, B au C, zinazoonyesha jinsi tairi linavyosimama penye maji katika njia iliyonyooka. Juu ya kona herufi hizo hazisemi neno.

Sasa tufikie jambo lenye hatari. Tairi kipara, likiwa juu ya lami kavu, hushika vyema. Ndiyo maana magari ya mashindano hutumia matairi yasiyo na mifereji siku za jua. Basi mwenye gari huona breki zinakamata, akasema, "Bado lina kazi." Kazi ya mifereji ni kuondoa maji chini ya tairi. Inapopungua kina, tairi huweza kuelea juu ya maji, na usukani ukawa kama si wake. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Sheria za nchi nyingi huruhusu hadi milimita 1.6, lakini wataalamu wengi hushauri kubadilisha likifika 3.

Fikirini barabara itokayo Bugarama kushukia Bujumbura: kona baada ya kona, mteremko wa zaidi ya mita 1,000, na mvua. Hapo milimita mbili zilizobaki si akiba ya fedha. Kwa gari la jamaa, tairi la namba ya kati lenye herufi nzuri ya maji lafaa kuliko lile laini la mashindano, na kuliko lile gumu lisilokwisha.

Hatimaye, shikeni haya manne. Pimeni upepo tairi likiwa baridi: upepo haba hula kingo, upepo mwingi hula katikati. Someni tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019, na mpira mzee huwa mgumu hata kama haujalika. Mkinunua mawili tu, yafungeni nyuma, kwani gari likiteleza nyuma huzunguka, na dereva wengi hawawezi kulirudisha. Na kabla mvua hazijaanza, inameni na rula mkapime mifereji.

Anunuaye tairi hununua kusimama. Kwenda hata gari bovu huenda.