Feni ya Hita Isiwagombanishe

Wadada wenzangu, mwezi huu tunaingia gereji. Najua wengi tukisikia kelele kwenye gari tunamtafuta baba watoto kwa simu. Lakini kwa sisi wa Singida, feni ya hita siyo anasa. Juni na Julai upepo wa asubuhi unakata kweli kweli, na msimu wa mvua kioo cha mbele kinajaa ukungu. Hebu fikiria uko mlima Sekenke, watoto nyuma, lori mbele yako, na huoni kitu!

Shoga yangu mmoja wa hapa mjini, mumewe yuko Dar kikazi. Feni ya gari lao ikaanza visa: namba moja kimya, mbili kimya, tatu kimya, namba nne inavuma kama kimbunga. Fundi akasema feni nzima imekufa, inunuliwe nyingine. Shoga akapiga simu: "Baba Junior, tuma hela, feni imekufa." Mzee akaja juu: "Imekufa vipi wakati juzi nimeisikia inavuma?" Jamani, maneno yakaanza. Mara anakula hela, mara kuna mtu anahongwa. Wiki nzima hawasalimiani!

Aliponisimulia nikamuuliza kitu kimoja tu: "Namba nne inapuliza?" Akasema ndiyo. Basi shosti, mota haijafa. Kinachoua namba za chini mara nyingi ni rizista, kidude kinachopunguza umeme unaokwenda kwenye feni. Namba ya mwisho haipitii humo, ndiyo maana inapona peke yake.

Kwenye gari nyingi za Kijapani tunazoendesha, kidude hicho kiko nyuma ya kabati la dashibodi, upande wa abiria. Kimeshikwa na skrubu chache na plagi moja. Zima gari, kiache kipoe maana kinachemka, chomoa plagi, fungua skrubu, kisha nenda nacho duka la spea upate cha kufanana nacho. Plagi ikiwa imeungua, nayo ibadilishwe. Kipya kikiungua tena, mwambie fundi apime mota, huenda imechoka na inavuta umeme kupita kiasi. Gari zenye hita inayojirekebisha yenyewe zina mfumo tofauti, hizo mwachie fundi umeme.

Shoga yangu akampigia tena mumewe, safari hii akaeleza namba ipi inafanya kazi, ipi haifanyi, na kifaa gani kinatakiwa. Hela ikaingia siku hiyo hiyo, tena ndogo kuliko ile ya feni nzima, na hakuna aliyeitwa mwizi.

Wadada, hela inayoombwa bila maelezo inazaa maswali, na maswali yanazaa wivu. Nanyi akina kaka mnaosoma ukurasa huu kwa kujificha, mkeo akisema gari bovu, anza na "linafanyaje?" kabla ya "shilingi ngapi?" Yeye ndiye atakayeshuka Sekenke na watoto wenu.