Ulevi wa mzazi na uchumba wa kijana

Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe kali zilizofungashwa katika mifuko ya plastiki, maarufu kama viroba. Wengi tuliipongeza hatua hiyo, kwa kuwa viroba vilipatikana kwa bei ndogo na vilifichika kirahisi hata mfukoni mwa mwanafunzi. Lakini marufuku hiyo haikuweza kuondoa mfano ambao kijana ameuona nyumbani tangu utoto.

Katika utume wetu tunakutana na vijana wa namna mbili waliolelewa na mzazi mlevi. Wapo walioapa kutoionja pombe kamwe, kwa sababu wanakumbuka usiku wa vurugu na ada ya shule iliyoishia kilabuni. Wapo pia wanaoifuata njia ileile, kwa kuwa nyumbani hawakuona namna nyingine ya kushangilia furaha wala ya kubeba huzuni. Mtoto wa mlevi, basi, hakuhukumiwa kuwa mlevi. Ila anauanza ujana wake na mzigo ambao wengine hawana.

Mzigo huo hupungua au huongezeka wakati wa uchumba. Mchumba mwenye kiasi anaweza kumsaidia mwenzake kuachana na marafiki wa baa. Mchumba mlevi humvuta mwenzake polepole: kwanza huyu hukataa, kisha huonja ili asimpoteze, mwishowe huzoea. Tena binti aliyezoea kumfungulia mlango baba mlevi huweza kuuona ulevi wa mchumba kuwa jambo la kawaida, akijipa moyo kwamba ndoa itambadilisha. Ndoa peke yake haitibu ulevi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba fadhila ya kiasi hutuelekeza kuepuka kila namna ya kupita kiasi, pombe ikiwamo. Kwa hiyo, katika mafundisho ya wachumba suala hili liulizwe waziwazi: nani anakunywa, kwa kiasi gani, na nyumbani kwao hali ilikuwaje? Aliyezidiwa asaidiwe kupata tiba na ushauri kabla ya tarehe ya ndoa kupangwa.

Nasi wachungaji na wazazi tujihoji: kwa nini sherehe ya Komunyo ya Kwanza ipimwe kwa idadi ya kreti za bia? Mtoto tunayemshangilia siku hiyo anatutazama na kujifunza.