Usitupe redio mbovu, kijana wa Mogogosiek

Unaunda amplifaya hapo Mogogosiek, oda zimejaa, halafu kapasita moja inakukwamisha. Luthuli Avenue, Nairobi, wanasema imeisha. Ya kuagiza China haijulikani itafika lini. Utafunga kazi?

Si wewe wa kwanza, bana. Septemba 2021 Toyota ilipunguza uundaji wa magari kwa takriban asilimia 40 kwa kukosa chipu. Wewe angalau una redio mbovu za majirani. Zinunue, ng'oa vipuri, vipime kwa mita. Kapasita kuukuu hukauka ndani, kwa hivyo usiamini macho.

Soma maandishi pia. Ya volti 16 waweza kuibadilisha na ya volti 25 yenye mikrofaradi sawa, mradi itoshee kwa bodi. Ukiweka ya volti 10 itafura, pengine ipasuke, na mteja atarudi na kelele.

Ila kosa kubwa, naona, tunalifanya mapema: tunachora saketi inayotegemea chipu moja ya duka moja. Chora inayokubali mbadala, hata bodi ikinenepa kidogo. Na mwambie mteja ukweli kuwa kipuri kimetoka kwa redio nyingine. Akitaka kipya, asubiri mzigo.