Lengalenga mu mufuko: ni vizuri, lakini ule udongo unatoka wapi?

Pita mu Katuba ao mu Kenya siku hizi, utaona: mbele ya mulango, pembeni ya choo, juu ya ukuta wa lupango, kuko mifuko. Ni mifuko ya unga yenye kujaa udongo, na majani ya lengalenga inatokea ku matobo ya pembeni. Kuko ndobo za zamani zenye tomati, na bidon za kukatwa katikati zenye matembele na matungulu. Watu wengine wanacheka: « Sasa tunalima mu saki sawa vile Katanga haina pori? »

Mimi niko upande wa ile mifuko. Lakini niko na ulizo moja, na nitalisema bila kuficha.

Kwanza, wenye kucheka wanakosa. Lupango yenye zamani ilikuwa na familia moja, leo iko na familia tatu ao ine. Kila kona wamejenga nyumba ya kupangisha. Shamba iko mbali, na kufika kule inaomba pesa ya usafiri. Na unga tunajua habari yake: mahindi mengi tunakula hapa inatoka Zambia. Wakati ukame ulipiga Zambia mu 2024, kufika serikali yao kutangaza ni musiba wa taifa, sisi tulisikia uchungu ku sahani yetu. Ni kweli, mufuko hauzae bukari. Lakini mama mwenye anachuma mboga ku mulango, pesa ya mboga inabakia mu mukono yake, anaiongeza ku unga.

Kuko sababu ingine yenye watu kidogo tu wanaisema. Ni udongo wa muji wenyewe. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa Lubumbashi mu 1911, wakati wa Union Minière, kisha ikakuwa Gécamines. Miaka mingi sana moshi wa ile shemine ulikuwa unasukumwa na upepo upande wa Penga Penga na kuendelea. Ulikuwa unaanguka pamoja na shaba, kobalti, risasi, zinki na arseniki. Moshi ulisimama, lakini madini haioze sawa jani. Ingali mu udongo. Wachunguzi wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mikojo ya watu wenye kuishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mu 2009 walitangaza kama walikuta kobalti mingi sana, hata kwa watoto wenye hawajaingia mu mugodi hata siku moja. Ile kobalti inapita mu vumbi, inapita na mu chakula. Na mboga za majani, sawa lengalenga, zinavuta madini kuliko tomati ao mahindi.

Kwa hiyo mufuko unaweza kutukinga: udongo wa muji unabakia chini, mboga inakula udongo mwingine. Njo ulizo yangu: ule udongo mwingine unatoka wapi? Naona watu wanachota pembeni ya barabara, mu mutaro, ku mukingo ya muto, juu ni nyeusi na inaonekana yenye mbolea. Pale hatujakinga kitu. Tumepandisha tu sumu kutoka chini na kuiweka juu, karibu na sufuria. Vilevile bidon na mifuko yenye ilibeba dawa za migodi, inauzishwa mu soko kwa bei ya chini. Kama haujue ilibeba nini, uiache.

Mwenye anataka kulima muzuri, hii njo njia. Tafuta udongo wa mbali na kiwanda na barabara kubwa. Changanya na mbolea ya kuku ao ya mbuzi yenye kuoza kabisa, pamoja na maganda ya jikoni. Weka majiwe madogo katikati ya mufuko, kutoka chini mpaka juu, maji ifike fasi yote. Toboa chini, mizizi isioze. Lengalenga utaanza kuchuma kisha majuma tatu ao ine. Kama unakata bila kungoa, inaota tena. Mu kiangazi, maji ya kuoshea mboga ao muchele itumike mara ya pili. Na mboga, hata ya mufuko, uioshe muzuri sana, juu vumbi yetu inaruka.

Yaya mumoja alinijibu: « Weye unatuambia udongo, udongo. Njaa haingoje laboratware. » Ana haki. Mama mwenye watoto sita hawezi kupima kobalti na macho. Njo maana ile kazi si yake.

Sheria ya madini ya 2018 inasema kampuni inapashwa kutosha 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa fasi inachimba. Tena ku kodi ya madini, 15 % inapashwa kuenda ku komini, sekta ao sheferi yenye migodi. Ile pesa iko na jina mu sheria. Tunaomba vitu viwili tu. Kwanza, udongo upimwe kartie kwa kartie, na matokeo yabandikwe ku komini kwa luga yenye kila mutu anasikia: hapa lima, hapa usilime. Ya pili, takataka za soko, zile majani ya shu na maganda yenye kuoza mu mitaro, zikusanywe fasi moja, zigeuzwe mbolea safi yenye mama anaweza kununua kwa bei ndogo. Mbolea ile, pamoja na chokaa, inasaidia hata bustani za chini, juu inapunguza madini yenye mboga inavuta.

Mufuko ni akili ya watu wenye waliachwa peke yao, na mimi nawapigia mikono. Lakini viongozi wasikuje kupiga picha pembeni ya lengalenga na kusema muji unajilisha. Wakuje kwanza na udongo.