Kompyuta ya mtoto ikiwaka na kioo cheusi

Mzazi wa Bunda amejibana hadi kumnunulia binti yake wa kidato cha pili kompyuta iliyotumika. Fundi kaiwekea Ubuntu, mfumo endeshi usiodai pesa ya leseni. Ikiwashwa, hakuna picha wala alama za kubonyeza. Ni kioo cheusi, maandishi meupe na ombi la jina na nywila. Hapo wengi husema wamepigwa, na kompyuta huuzwa kwa hasara.

Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichowekwa ni toleo la seva. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 juu ya msingi wa Debian ya mwaka 1993, ni mfumo wa kazi zote. Toleo la seva na la mezani yana kiini kilekile na huchota programu ghala lilelile. Yanatofautiana kwa kinachowekwa siku ya kwanza. La mezani huja na madirisha na kivinjari. La seva huviacha makusudi, kwa kuwa seva hukaa kona usiku na mchana ikihudumia kompyuta nyingine, na hakuna anayeitazama. Ya nini kupoteza kumbukumbu kuchora madirisha?

Kwa hiyo mashine inaweza kuhama kazi bila kubadilishiwa mfumo. Fundi akiandika amri moja, sudo apt install ubuntu-desktop, kompyuta ileile hupata madirisha. Bando liwe la kutosha tu, maana mzigo wenyewe si mdogo. Si kila mfumo uko hivyo: OpenWrt, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya ruta, na mtoto asitegemee kuandikia insha humo.

Suala hili lina pesa ndani yake hata kwenye vikao vya shule. Wazazi wa Musoma au Butiama wakichangia chumba cha kompyuta, hawana haja ya mashine zote kuwa za bei. Moja yenye nguvu ifanywe seva, ihifadhi masomo pamoja na Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix. Nyingine, hata kuukuu, ziwekewe toleo la mezani zisome humo bila intaneti.

Kabla ya kulipa, mzazi amuulize fundi: unaweka ya mezani au ya seva? Na nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani. Fundi akiondoka nayo kichwani, hata ile amri moja haitakubali.