Ukipenda Chongo Huita Kengeza: Insafu Katika Kusoma Riwaya

Katika baraza moja tulilohudhuria palizuka mjadala baina ya wazee wawili, wote wakiwa ni watu wa kusoma. Wa kwanza alisema kwamba riwaya ya Kiswahili ilikufa pamoja na Shaaban Robert mwaka 1962, kwani waliomfuata wameandika uchafu mtupu. Wa pili akamjibu, “Mzee mwenzangu, yale si riwaya, ni mawaidha. Wahusika wake ni majina tu yaliyovishwa kanzu.” Tulipouliza kila mmoja amekisoma lini kitabu anachokikataa, ilidhihirika kwamba wa kwanza hakuwahi kuifikisha mwisho Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na wa pili alisoma Kusadikika akiwa mwanafunzi, kwa ajili ya mtihani.

Tunayaeleza haya si kwa kuwacheka wazee wetu, bali kwa sababu maradhi yao ni yetu sote. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Na kinyume chake ni kweli vilevile: ukichukia, hata kengeza utaiita chongo. Kila mtu ana ladha yake, na hapana awezaye kumlazimisha mwenziwe kupenda. Lakini ladha ni jambo moja na hukumu ni jambo jingine. Anayesema “sikukipenda” amesema habari ya nafsi yake. Anayesema “ni kibaya” amekishitaki kitabu, na kila mshitaki hudaiwa ushahidi.

Hebu tuutazame ushahidi wenyewe. Ni kweli kwamba katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, majina ya wahusika hubeba maana. Mshitakiwa ni Karama, anayemshitaki ni waziri Majivuno, na kosa la Karama ni kutaka watu wafundishwe sheria. Anayeishia kwenye majina ataona mawaidha tu. Lakini anayesoma kwa makini ataona kwamba utetezi wa Karama ni visa vya wajumbe sita, Buruhani na wenziwe, waliotumwa nchi za jirani, wakarudi na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Kitabu hicho kiliandikwa Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Mwingereza. Je, mtu anayehukumiwa kwa sheria asiyoruhusiwa kujifunza ni mawaidha matupu? Mzee wetu wa pili aliyachoka maganda kabla ya kuifikia nyama ya tunda.

Tumgeukie wa kwanza. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, na baadaye ikaja kuwa miongoni mwa vitabu vya shule za sekondari. Hatukatai kwamba ndani yake mna mambo ambayo mzazi atayasoma uso ukimwiva. Lakini tujiulize kitabu kinaanzia wapi. Kinaanzia nyumbani, Ukerewe, kwa Zakaria, baba mlevi anayemchunga binti yake kwa fimbo na asiyemfundisha lolote juu ya dunia. Rosa anapotoka chini ya fimbo ile hana silaha nyingine, naye anaangamia, mwisho wake ukawa ni kujiua. Anayesema kitabu hiki kinawafundisha mabinti maovu amekisoma nusu. Sisi twaona kwamba aliyekusudiwa kufundishwa zaidi ni baba.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kukidurusu kitabu kunalazimisha kukipenda. Sisi wenyewe tumezisoma Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, za Kezilahabi huyohuyo, tukarudia, tukastaajabia fikra zake, na bado hatuwezi kudai kwamba zimekaa moyoni. Tunakiri hivyo bila haya. Lakini kutokupenda kwetu sasa kuna sababu tunazoweza kuziweka mezani, na mwenye hoja bora anaweza kutugeuza. Hilo ndilo tunaloliita insafu.

Linalotuhuzunisha ni kwamba watoto wetu hawaipati hata fursa ya kukosea kama wale wazee. Wengi wao huanza na vijitabu vya uchambuzi, humo mkiwa mmeorodheshwa dhamira, wahusika na mandhari, majibu yakiwa tayari kabla riwaya haijafunguliwa. Kijana hufaulu mtihani juu ya kitabu ambacho hakikumliza wala kumkasirisha. Huyo hakufundishwa ladha, alikaririshwa ya mwingine. Akishakuwa mzazi, ndiye atakayetaka kitabu kiondolewe shuleni kwa ukurasa mmoja alioonyeshwa na jirani.

Basi tuna nasaha mbili. Kwa walimu: kabla ya kuuliza dhamira, muulizeni mwanafunzi ni wapi alipopenda, ni wapi alipochukia, na kwa nini. Hilo “kwa nini” ndilo mlango wa elimu. Kwa wazazi: kitabu kinapowatia shaka, kisomeni chote kwanza, kisha kaeni na mtoto mkizungumze. Pengine mtaendelea kukikataa, na hiyo ni haki yenu, lakini mtakuwa mmekataa kwa kujua, na mtoto atakuwa amejifunza namna ya kupima.

Kuhusu wale wazee wetu wawili, tuliwaomba wabadilishane vitabu hadi tutakapokutana tena. Hatujui watarudi na kauli gani. Twamuomba Mola awajaalie, nasi pamoja nao, kusoma kabla ya kuhukumu.